Mwenye Deni na Aseme

Atokaye Uvira kwenda Baraka, ziwa la Tanganyika likiwa mkono wake wa kushoto na milima mkono wake wa kuume, akisha kupita Mboko hufika mahali paitwapo Lusenda, katika Fizi, mashariki ya Kongo, ambapo tangu katikati ya mwaka 2015 pamekuwa makao ya Warundi waliouvuka mpaka wakiyakimbia machafuko ya nchi yao. Na idadi yao, ambayo katika baadhi ya miaka imekaribia 30,000, yatosha kuwa mji kamili, isipokuwa mji huu hauna meya wala madiwani, na mambo yake yote, tangu maji hadi madawati ya shule, tangu kuni hadi ugomvi wa mipaka ya mashamba baina ya mgeni na mwenyeji, huamuliwa vikaoni, au huahirishwa humo.

Sidhani kama zipo pande nyingi za Afrika ya Mashariki ambako watu wanyonge huketi vikaoni mara nyingi kiasi hicho. Kuna vikao vya mitaa, vikao vya kamati ya wakimbizi, vya wanawake, vya wazazi, vya upatanisho pamoja na wazee wa vijiji vya Wabembe vilivyo jirani. Na juu ya hivyo kuna vile vikubwa ambamo huketi watu wa CNR, yaani tume ya serikali ya Kongo kwa ajili ya wakimbizi, na watu wa HCR, yaani shirika la Umoja wa Mataifa kwa ajili ya wakimbizi, na wa PAM, lile la chakula, na wa mashirika mengine yajayo na kuondoka kadiri mikataba yao inavyokwisha. Kila kikao kina katibu wake, na kila katibu hutakiwa mwishowe atoe waraka ambao makatibu wa Tanzania huuita muhtasari, na ambao Kongo yote, tangu ofisi ya gavana hadi chama cha wauza dagaa, huuita peve.

Kuhusu waraka huu nina neno moja tu la kusema, nalo ni kwamba wengi wetu tumefundishwa kuuandika kana kwamba ni kumbukumbu ya maneno, ilhali thamani yake yote iko katika kuwa daftari la madeni. Maneno ya kikao hayana haja ya kukumbukwa. Mengi yake, Mungu atusamehe, yanastahili kusahauliwa kabla jua halijachwa. Kinachotakiwa kubaki ni jambo ambalo fulani amelibeba mabegani mwake mbele ya mashahidi, akiahidi kulitua mahali fulani siku fulani.

Tazama jinsi peve za kawaida zilivyo. Utasoma kwamba kikao kilifunguliwa saa nne kwa sala na maneno ya makaribisho. Kwamba suala la kisima lilionekana kuwa na uzito. Kwamba ilipendekezwa hatua zichukuliwe haraka iwezekanavyo. Kwamba wahusika walihimizwa kufuatilia. Kwamba mengineyo yalijadiliwa kwa kirefu. Na kwamba kikao kilifungwa kwa moyo wa ushirikiano. Hakuna uongo hata mmoja katika sentensi hizi, wala hakuna mtu. Lilionekana: na nani? Ilipendekezwa: mpendekezaji alikuwa nani, na ni nani aliyekubali? Wahusika hao wana majina, wana nyumba, wana simu mfukoni, tena walikuwa wameketi palepale safu ya mbele. Lakini kalamu ya katibu, kwa adabu au kwa hofu, imewafunika kwa vitenzi visivyo na mtenda, na mwezi unaofuata kikao kitakapoketi tena na kuuliza habari za kisima, hapatakuwa na uso wa kuelekezewa swali. Hivyo suala litaonekana tena kuwa na uzito, na hatua zitapendekezwa tena, na mama aliyeamka alfajiri kupanga dumu lake kwenye foleni hataelewa kwa nini watu wazima wenye kofia zenye nembo huketi mara kwa mara kulitambua jambo ambalo yeye amelitambua kwa shingo yake.

Nataka pia kuitaja, kwa kupita, orodha ya mahudhurio. Katika vikao vya ulimwengu wa misaada karatasi hiyo hutunzwa kwa uangalifu wa ajabu: jina, jinsia, umri, namba ya simu, sahihi au dole gumba, kwa kuwa ndiyo ithibati ya matumizi ya soda na nauli, na mfadhili wa mbali ataiomba. Nimeona mahali ambapo orodha ya mahudhurio ilihifadhiwa ndani ya bahasha ya plastiki na peve ikafungiwa maandazi. Aliyekuja kikaoni alikuwa na hati kamili ya kuonyesha kwamba alikuja. Alichoahidiwa hakikuwa na hati.

Miji ya kandokando ya ziwa hili, Ujiji na Uvira na Baraka, iliupokea Uislamu na Kiswahili kwa njia ya misafara ya wafanyabiashara wa pwani katika karne ya 19, na watu wa misafara, ambao mali yao ilikopeshwa pwani na kulipwa baada ya miezi mingi bara, hawakuwa na anasa ya kutegemea kumbukumbu ya moyo. Katika dini yao aya iliyo ndefu kuliko zote za Kurani, ya 282 katika Sura ya Al-Baqara, haizungumzi Pepo wala Jahanamu, bali namna ya kuandika deni: kwamba deni lenye muda maalumu liandikwe, kwamba mwandishi aandike kwa uadilifu baina ya pande mbili wala asikatae kuandika, kwamba wawepo mashahidi, kwamba watu wasichoke kuliandika liwe dogo au kubwa pamoja na muda wake. Lakini sharti lililo la hekima kubwa kupita yote, kwa maoni yangu, ni lile lisemalo kwamba atakayemtamkia mwandishi maneno ya kuandika ni mwenye kudaiwa, na ikiwa ni dhaifu au hawezi kutamka, basi msimamizi wake atamke kwa insafu badala yake. Angaliweza kuamriwa mdai atamke, kwa maana ndiye mwenye hamu ya kuandikiwa, lakini hakuamriwa. Aliyelibeba deni ndiye alitamke kwa kinywa chake, ili kesho asipate pa kusimama aseme kwamba karani alimbandika asilolisema.

Ningependa kanuni hiyo ihamishwe kama ilivyo hadi kwenye mahema na mabanda ya vikao. Katibu mwema asikae mwisho wa meza akikimbizana na maneno ya wasemaji, akiandika robo ya yale anayoyasikia na kuelewa robo ya yale anayoyaandika. Akae karibu na mwenyekiti, anyamaze, asikilize; na mazungumzo yanapofika pale ambapo watu wameanza kutikisa vichwa na kuangalia ajenda inayofuata, hapo hasa, kabla mwenyekiti, ambaye huku huitwa prezida, hajapiga hatua, ainue mkono na kuuliza: “Samahani, Prezida, niandike nini?” Ni swali fupi, tena la unyenyekevu, lakini mara ngapi nimeona likiligeuza baraza zima! Kwa maana watu ishirini walioamini kwamba wameafikiana hugundua ghafla kwamba kila mmoja amebeba mapatano yake. Huyu alidhani pampu itatengenezwa wiki hii. Yule alidhani ataulizwa fundi kama anaweza kuja. Wa tatu alidhani jambo limekataliwa kwa heshima. Prezida akimgeukia aliyesema kwamba “tutaona”, na kumwomba alitamke mwenyewe kwa katibu kwa maneno yenye siku na jina, huyo atafikiri upya, na huenda akapunguza ahadi yake nusu. Na hiyo nusu ni mali, ambapo ile nzima ya kwanza ilikuwa hewa.

Swali hilo haliulizwi bila gharama. Katibu wa vikao vyetu aghalabu ni kijana aliyesoma kidogo kuliko afisa na zaidi kuliko wazee, akaitwa kuandika kwa sababu hati yake inasomeka, na kumwuliza mkubwa mbele za watu kwamba ni nini hasa alichokusudia huonekana kama kumkatiza au, lililo baya zaidi, kama kumtuhumu. Kwa hiyo anaona salama kuandika kwamba hatua zitachukuliwa. Dawa ya hofu hiyo haiko kwake. Iko kwa mwenyekiti, ambaye akilifanya swali lile kuwa desturi ya kila ajenda, likaulizwa kwa wadogo na wakubwa sawasawa, huliondolea sumu yake. Pale lisipokuwa desturi, msimlaumu kijana.

Fauka ya hayo kuna lugha. Katika kikao kikubwa cha Lusenda mama huongea Kirundi, jirani yake akamgeuzia kwa Kiswahili, mzee wa kijiji akamnong’oneza mwenzake kwa Kibembe kabla hajajibu kwa Kiswahili cha Fizi, na afisa, aliyetoka Bukavu au Kinshasa au mbali kuliko huko, akaandika kwa Kifaransa kwa kuwa ndiyo lugha ya ofisi na ya mfadhili. Sina ugomvi na Kifaransa. Ila hati ambayo mwenye deni anaweza kuisoma na mdai hawezi ni hati ya upande mmoja, hata kama kila neno lake ni kweli. Na ndiyo maana nasema maazimio yasomwe kwa sauti, kwa Kiswahili na kwa Kirundi, kabla ya mtu yeyote kuinuka kitini, sio peve yote, bali yale mafungu matano au sita ya nani atafanya nini lini, na mwenye kupinga apinge hapo. Ukiachwa usomaji huo hadi kikao kijacho, kama taratibu za ofisi nyingi zinavyoagiza, utasomewa watu wengine: Lusenda ni mahali pa kuhama, na waliokuwepo mwezi uliopita huenda wako katika kambi ya Mulongwe, karibu na Baraka, au wamerudi kwao.

Taarikhi ya Fizi yenyewe imetuachia mfano wa hati ya upande mmoja. Mwezi Aprili 1965 Ernesto Guevara, yule Che, alivuka ziwa kutoka Kigoma akashukia Kibamba, akapewa jina la siri la Tatu, na kwa muda wa miezi saba hivi alikaa katika milima hii pamoja na Wakuba wenzake wakijaribu kuusaidia uasi uliokuwa ukififia. Alikuwa mwandishi asiyechoka. Kila shauri na makamanda, kila ahadi ya silaha iliyokwama, kila siku ya vita iliyotajwa kisha ikaahirishwa, aliitia daftarini. Na alipokwisha kuondoka mwezi Novemba, alijifungia Dar es Salaam katika ubalozi wa Kuba akayageuza madaftari yale kuwa kitabu, kilichokaa miaka zaidi ya 30 kabla hakijachapishwa kamili. Ni kitabu kikali, kwake mwenyewe na kwa wenyeji wake. Mengi aliyoyasikia vikaoni yalimfikia kwa kinywa cha mkalimani, Freddy Ilanga, kijana ambaye alikuwa bado hajatimiza miaka ishirini. Na wenyeji wa vikao vile wamo ndani ya kurasa hizo kama watajwa, sio kama wasemaji. Sisemi kwamba amewasingizia. Nasema kwamba hakuna fungu hata moja ambalo kamanda wa Fizi alisomewa kisha akasema, ndivyo nilivyoahidi, au akasema, la, sikuahidi hivyo. Nasi leo, tukitaka kuvihukumu vikao vya mwaka ule, tunalazimika kumwamini karani kwa kuwa ndiye pekee aliyekuwa na kalamu mkononi.

Na Warundi wa Lusenda wenyewe ni watu ambao misiba yao imefungamana na hati. Mazungumzo ya amani ya nchi yao yalifunguliwa Arusha mwezi Juni 1998 chini ya Mwalimu Julius Nyerere, na baada ya Mwalimu kufariki tarehe 14 Oktoba 1999 yakaongozwa na Nelson Mandela, hadi mapatano yakatiwa sahihi tarehe 28 Agosti 2000, baadhi ya vyama vikitia sahihi pamoja na pingamizi zao. Itifaki ya pili, katika kifungu cha 7, ilisema kwamba hapana mtu atakayeutumikia urais zaidi ya vipindi viwili. Kisha ikaja Katiba ya mwaka 2005, ambayo katika kifungu cha 96 ilimtaja rais achaguliwaye na wananchi wote kwa kipindi cha miaka mitano kiwezacho kurudiwa mara moja, na katika kifungu cha 302 ikaruhusu, kwa mara moja tu, kwamba rais wa kwanza achaguliwe na wabunge na maseneta. Pierre Nkurunziza alichaguliwa kwa njia hiyo ya pili mwaka 2005, na kwa njia ya kwanza mwaka 2010. Je, kile kipindi kilichotoka bungeni kilihesabiwa, au hakikuhesabiwa? Waliokuwa wameketi Arusha walidhani jibu liko wazi. Walioisoma Katiba peke yake waliona mlango. Mwezi Aprili 2015 chama chake kilimteua tena, barabara za Bujumbura zikajaa watu na moshi, na tarehe 5 Mei Mahakama ya Katiba ikampa haki ya kugombea, ilhali makamu wa rais wa mahakama hiyo alikuwa amekwisha kuikimbia nchi akisema kwamba majaji wametishwa. Mwezi Novemba 2021 majaji wa rufaa wa Mahakama ya Afrika Mashariki, wakiketi Arusha ileile, waliamua kwamba hukumu ile ilikwenda kinyume cha Mkataba wa Jumuiya. Lakini kufikia wakati huo watoto waliozaliwa Lusenda walikuwa wamekwisha kuanza shule.

Sitaki kudai kwamba fungu lililoandikwa vizuri lingalizuia yote haya, kwa maana mtawala atakaye kubaki hatakosa mwanasheria wa kumtafutia njia hata katika ukuta. Walakini lipo jambo la kujifunza kwa mwandishi wa kikao cha kisima. Sheria ya mikataba iliyokubaliwa Vienna mwaka 1969 inaruhusu kwamba maneno ya mkataba yanapokuwa na utata, mfasiri atazame kazi za matayarisho, yaani yaliyojadiliwa kabla ya kufikia maneno yale. Kwa hiyo hata mataifa yamekubali kwamba azimio peke yake wakati mwingine halitoshi, na kwamba mstari mmoja usemao kwa nini jambo liliamuliwa hivyo, na nani alilipinga kwa hoja gani, waweza kuwa na faida baada ya miaka kumi. Mstari mmoja, nasema. Sio kurasa kumi za nani alisema nini. Na pingamizi liandikwe pamoja na jina, kwa sababu mtu aliyepinga na pingamizi lake likaandikwa hutoka kikaoni akiwa ameshindwa, lakini aliyepinga na peve ikasema kwamba wote waliafiki hutoka akiwa ameibiwa.

Hapa, hata hivyo, kanuni yangu ya majina inanigeukia, na sina budi kuipunguza. Lusenda ni mji wa watu waliokimbia, na katika nchi zetu orodha za majina zimewahi kufanya kazi ambazo waandishi wake hawakuzikusudia, au walizikusudia. Mwanamke anaposimama katika kikao cha wanawake kueleza alilotendewa njiani wakati wa kutafuta kuni, kumwandika jina ni kumtendea mara ya pili. Kijana anayesema kwamba ameonekana mtu fulani wa kutoka ng’ambo akiuliza habari za watu kambini, asiandikwe kamwe. Liandikwe tu kwamba taarifa ya usalama imepokewa, na aliyepewa dhima ya kuifuatilia aandikwe kwa cheo na tarehe. Wala mzee aliyelia kwa hasira asigeuzwe kuwa simulizi ya ofisi. Hivyo basi jina ni haki juu ya anayeahidi, na ni hatari juu ya anayelalamika. Na katibu asiyeweza kutofautisha baina ya wawili hao, hata awe na hati nzuri na Kifaransa safi, ni afadhali apewe kazi ya kugawa soda.

Yaliyobaki ni mambo ya mikono, nayo nitayasema upesi. Daftari lililoshonwa, lenye kurasa zilizotiwa namba, ni bora kuliko karatasi za kuruka na bora kuliko kompyuta ya afisa ambayo itaondoka pamoja naye mkataba ukiisha. Kosa likatwe kwa mstari mmoja unaoacha neno la zamani lionekane, na waliopo watie sahihi pembeni. Ukurasa wa maazimio upigwe picha kwa simu na kutumwa kwa wakuu wa mitaa siku ileile, kwa kuwa baada ya usiku mmoja kila mtu atakuwa na peve yake kichwani. Kikao kinachofuata kianze na ukurasa huo, fungu kwa fungu, mwenye deni akisimama kusema nimelipa, au sijalipa, na kwa nini. Na fungu lililolipwa lipigwe mstari mbele ya macho ya wote. Mchwa wa Fizi wasisahauliwe: daftari likae juu, ndani ya sanduku la bati.

Na nakala ni mbili, moja ya ofisi na moja ya kamati, nayo hii ya pili ibaki mikononi mwa wakimbizi wenyewe hata mashirika yakibadilika mara tano. Kwa anayerudi Burundi kupitia mpaka wa Kavimvira na Gatumba, akiwa na jambo lake ambalo kikao kilimwahidi na halijatimizwa, iwe ni cheti cha mtoto aliyezaliwa kambini au malipo ya kazi ya kuchimba mitaro, katibu amnakilie lile fungu moja linalomhusu, kwa mkono, pamoja na tarehe ya kikao, namba ya ukurasa, na cheo cha aliyeahidi, prezida atie sahihi, nayo nakala hiyo isikunjwe ndani ya mizigo ya juu ya gari, bali aishike yeye mwenyewe.